Meza ya Kapteni

Madereva waliopita Koboko na malori ya chumvi na sabuni walimjua Keji kwa mchuzi wake wa kunde wenye simsim. Wengi hawakujua jina lake. Walimwita Mama Paska, kwa jina la binti yake, mtoto wake wa kwanza, au waliambiana tu, "Tutakula kwa yule mama wa mwisho." Nyumba yake ilikuwa ya mwisho mjini kabla barabara haijashika njia ya mpakani Sudan, na uwanja wake ulikuwa mpana, umefagiliwa kila asubuhi hata udongo ukawa laini kama kiganja. Alipika nje, akapakua nje, na watu walikula nje. Shida ilikuwa pa kuweka sahani. Huyu alikaa juu ya debe na sahani magotini, mchuzi ukamchuruzikia suruali. Yule alichuchumaa chini kama mtu aliyekuja msibani.

"Watu wanalipa halafu wanakula kama wafungwa," Keji alimwambia mumewe. "Nataka meza."

Mumewe, Yakani, alikuwa dereva wa lori la tajiri mmoja wa Arua. Koboko ya siku zile, kila nyumba ilikuwa na kijana au mjomba jeshini, lakini Yakani hakuwahi kuvaa gwanda hata siku moja. Si kwamba hakutaka. Alizaliwa na mguu mmoja mfupi, na alipokwenda kujiandikisha walimcheka mlangoni. Akajifunza kuendesha lori, akashonea kiatu cha kushoto soli mbili za tairi ili mguu ufike kwenye klachi, na maisha yakaenda.

Mwaka 1979 ulipofika, mlaji hakujua kesho yake. Mwezi wa nne serikali ilianguka, na kwa wiki nzima askari wa serikali hiyo walipita mbele ya uwanja wa Keji wakikimbilia Sudan, wengine na familia, wengine na magodoro na mafriji juu ya magari ambayo petroli yake ilikuwa inaisha. Kisha wakaja askari wa upande ulioshinda. Wale wa kwanza walikuwa na adabu. Walinunua kuku, wakasalimia wazee. Kufika mwezi wa nane malori yalikuwa yanatembea tena, na Keji akasema meza yake haiwezi kungoja vita nyingine.

Yakani akampakia kwenye lori hadi Arua. Nyuma ya soko palikuwa na seremala mzee, Mlugbara aitwaye Candia, aliyekuwa amebakiwa na meza tatu nzito tu karakanani, maana waporaji walikuwa wamebeba hata misumari iliyopinda. Yeye Mlugbara na Keji Mkakwa walikutana katikati, kwa Kiswahili cha barabarani.

"Mama anataka meza ya ndani ama ya nje?" Candia aliuliza.

"Ya nje. Mvua yake, jua yake."

"Basi hii usiangalie." Aliipiga teke meza nyekundu ya mkangazi. "Hii iko mzuri ndani ya nyumba. Nje, jua itapasua. Na hii ya mkaratusi, mvua mbili tu, inajipinda kama nyoka. Kama meza italala nje, nunua mvule ama kula chini."

Mvule ilikuwa moja tu, imesimama pembeni chini ya magunia. Keji aliyaondoa magunia mwenyewe. Ilikuwa meza ya watu wanane, ndefu, rangi ya asali iliyokaa. Hakuisifu, kwani mnunuzi hasifu. Aliegemea kona moja kwa uzito wake wote aone kama itayumba, haikuyumba. Akapitisha ukucha kwenye viungo. Hapakuwa na msumari hata mmoja, vigingi vya mti vitupu, na kati ya mbao fundi alikuwa ameacha nafasi nyembamba ya kupitisha maji ya mvua. Akagonga kwa kifundo cha kidole. Ilijibu kwa sauti nzito.

"Hii iko ya nani?"

Candia alikuna shingo. "Kapteni moja alituma nifanye, ya kula na wageni wake kwa uwanja. Alilipa nusu. Sasa iko Sudan, ama iko chini ya ardhi, mimi sijui. Meza inakula nafasi yangu. Lipa hiyo nusu ingine, beba."

Walipoipindua kuipakia ndipo Yakani alipoona. Chini ya ubao wa katikati fundi alikuwa amechoma kwa chuma cha moto: KAPT. DRAKU.

"Fundi, toa hiyo jina."

"Randa yangu waliiba. Iliyobaki iko kwa ndugu yangu, kule Aroi. Acha meza mpaka wiki kesho, nitapiga randa."

Yakani alimtazama mkewe. Keji alikuwa tayari ameshika mguu mmoja wa meza. Lori lilikuwa linaondoka jioni ile, na nani angejua kama wiki kesho lingepata mafuta?

"Chini ya meza nani ataangalia?" Keji alisema.

Wakaipakia.

Hapakuwa na kitu katika uwanja ule kilichotunzwa kama meza ile. Yakani alikata madebe manne, akayafanya visahani, akayatia oili chafu ya lori, na kila mguu wa meza ukasimama ndani ya kisahani chake ili mchwa wasipande. Asubuhi, kabla ya kuwasha moto, Keji aliisugua kwa maji ya jivu na kipande cha limau, akaikausha kwa gunia, hakuiacha ikauke yenyewe. Jumapili baada ya misa alipasha mafuta ya simsim kidogo, akayapaka kwa kitambaa kufuata mishipa ya mbao, akangoja yanywewe, akapaka tena. Sufuria ya moto haikugusa meza ile. Alisokota ngata za majani ya migomba, na ole wake mlaji aliyeweka kikombe cha chai moja kwa moja juu ya mbao. Jua kali likija, au mvua, alitandaza turubai kuukuu la lori. Meza ikazidi kung'aa kadiri ilivyotumika. Madereva waliokuwa wakipita bila kusimama wakaanza kusimama.

Keji naye alikuwa binadamu, akaona fahari. Mlaji mgeni akisifu meza, alimnong'oneza huku akicheka, "Kula vizuri, baba. Unakula kwenye meza ya kapteni." Wengine waliinama kuangalia chini, wakacheka pia. Yakani hakupenda mzaha ule.

"Ipeleke Arua wakaiparuze," alimwambia zaidi ya mara moja.

"Nitaipeleka."

"Lini?"

"Meza ikienda Arua, watu watakula wapi?"

Ikawa hivyo, wiki baada ya wiki, mwaka na zaidi. Hapakuwa na siku ambayo meza haikuwa na kazi.

Mwezi wa kumi wa mwaka 1980, wale waliokimbilia Sudan walirudi na bunduki. Walipita Koboko kwa risasi na vigelegele, wakashuka kuelekea Arua. Hawakukaa. Nyuma yao likaja jeshi jipya la serikali, na hili halikuja kununua kuku. Habari zilitangulia: huko lilikopita, nyumba zilichomwa na wanaume walipotea, kwa sababu moja tu, kwamba walizaliwa upande huu wa Nile. Mji ukaanza kumiminika, wengine Sudan, wengine Zaire, na mikeka vichwani. Jirani yao Kamisi, fundi wa baiskeli, aliwavusha mpaka wake zake na watoto, akarudi kuchukua vifaa vyake.

"Yakani, bado mko?" aliuliza, ameduwaa.

"Mimi ni dereva," Yakani alisema. "Nina tiketi ya kodi na leseni. Na huu mguu, nani ataniita askari?"

Mtoto wao wa pili, Sule, alikuwa na miaka miwili na homa ya siku ya tatu. Hiyo ndiyo sababu waliyoambiana. Lakini Keji alijua, na aliendelea kujua maisha yake yote, kwamba alikuwa ameuangalia uwanja wake, masufuria yake na meza yake, akajisemea: tukiondoka vitu hivi vyote vitaibwa. Wakakaa siku tisa zaidi.

Siku ya tisa, mchana kweupe, askari saba waliingia wakataka chakula. Keji aliwapikia. Walikula kimya, wakashiba, mmoja akamshukuru. Koplo wao, kijana mrefu mwenye sauti ya upole, alikuwa anapapasa meza kama mtu anayepapasa ubavu wa ng'ombe.

"Mama, hii meza iko maridadi. Unaifanya nini hata inang'ara hivi?"

"Simsim tu, afande."

"Bosi wetu anakula chini, pale shule. Hii itamfaa." Akageukia wenzake. "Tafuta watu wa kubeba."

Wakamtoa Yakani ndani. Wakamkuta Kamisi, aliyekuwa amerudi mara ya pili kwa vifaa vilivyobaki, anafunga mzigo wake kwenye baiskeli, wakamvuta. Njiani wakakamata wanaume wengine wawili, wageni tu, waliokuwa wakipita na mizigo ya muhogo. Keji hakusikitika sana wakati ule. Alifikiri, wachukue meza, waende. Kama angeweza kuibeba peke yake, angeibeba.

Uwanja ulikuwa na uzio wa minyaa, na lango lake lilikuwa jembamba. Meza haikupita ikiwa imelala. Koplo akasema, "Pindua kwa upande." Wakaipindua. Jua la saa nane likaangukia upande wa chini, ambao haukuwahi kupakwa mafuta wala kusuguliwa, na maandishi meusi yakasimama pale kama yamechomwa jana.

Koplo alisoma taratibu, herufi kwa herufi. Kisha akauliza, bila kupandisha sauti, "Kapteni Draku iko nani hapa?"

"Afande, tulinunua Arua," Keji alisema. "Fundi alifanya meza ya mutu mwingine. Huyu bwana yangu anaitwa Yakani. Iko dereva. Tiketi yake hii, angalia, afande, angalia jina."

Koplo hakuangalia. "Mama, watu wananunua meza ya kapteni sokoni kama nyanya?"

"Kweli ya Mungu, afande. Mguu yake iko mbaya toka kuzaliwa. Jeshi haiwezi kuchukua mutu kama huyu."

Wakamtazama Yakani mguu. Mmoja akasema, "Hiyo ni risasi." Mwingine akasema, "Vita ndiyo ilimvunja." Yakani akasema kwa Kikakwa, akimtazama mkewe peke yake, "Mpe mtoto dawa yake saa kumi." Ndilo neno la mwisho alilosikia kwake.

Walimfunga kamba kiunoni, kisha wakamrudisha kwenye mzigo, kwa sababu meza ilikuwa nzito na watu walikuwa wanne tu. Waliibeba ikiwa juu chini, miguu ikielekea mbinguni, vichwa vyao vimefichwa na mbao. Keji alisimama langoni. Aliona miguu minane ikienda barabarani chini ya meza, na katika hiyo minane alijua mmoja, ule wenye soli mbili za tairi, unaopiga chini kwa mlio wake mwenyewe. Paska, aliyekuwa na miaka minane, alikuwa ameshika sketi ya mama yake. Wote wawili waliangalia hadi barabara ilipokunja.

Kesho yake alasiri Kamisi alirudi peke yake. Uso wake ulikuwa umevimba, shati halipo. Alisimama nje ya uzio, hakuingia.

"Mama Paska, ondoka leo."

"Na Yakani?"

"Walimbakiza."

"Unarudi vipi wewe bila yeye? Kamisi, niangalie. Yuko hai?"

"Walimbakiza," alisema tena, akiangalia minyaa. "Ondoka. Watarudi hapa."

Akaondoka kwa miguu. Baiskeli yake walikuwa wameshaichukua. Keji alingoja hadi alfajiri, masikio yake yote yakiwa barabarani, kisha akamfunga Sule mgongoni, akamshika Paska mkono, wakaingia majanini kuelekea Zaire. Hakufunga hata mlango.

Ya Zaire hakupenda kuyasimulia. Walipata hifadhi kwanza kwa watu, kisha kambini. Sule alipona homa ile, akaishi mwaka mmoja na miezi kadhaa, akaanza kuita kila mwanaume baba, kisha surua ikaingia kambini na kufagia watoto. Walimzika pamoja na wengine wanne siku moja, katika udongo mwekundu uliokuwa mgumu kuchimbika. Keji alipikia watu vibarua, akapikia harusi na matanga, akaishi. Wanawake wenzake walipouliza habari za mumewe, alijibu, "Askari walimchukua." Kila mwanamke pale alikuwa na sentensi kama hiyo, kwa hiyo hakuna aliyeuliza zaidi. Habari ya jina lililochomwa hakumwambia mtu. Alilala nalo na kuamka nalo. Alihesabu Jumapili zote alizokaa akipaka mafuta upande wa juu, na hakuona hata moja ambayo asingeweza kuchukua kisu cha jikoni, akalala chini ya meza, akakwangua herufi zile.

Walirudi Koboko mwaka 1987, serikali ilipokuwa imebadilika tena. Nyumba ilikuwa kuta mbili na majani. Minyaa ilikuwa imekua ikawa miti. Kamisi alikuwa amerudi kabla yao, amefungua tena kibanda chake cha baiskeli, na alikuwa mwema kupita kiasi. Alikata miti ya paa, akaezeka bila kuombwa, akaleta kuni, akamtafutia Paska nafasi ya shule. Ila hakula kwao. Keji akimwekea chakula, alisema ameshakula, akaondoka. Mwanzoni Keji aliona ni heshima ya mtu kwa mjane. Baadaye hakujua aone nini.

Wiki ya pili ya masomo Paska, sasa msichana wa miaka kumi na mitano, aliingia uwanjani na madaftari kifuani.

"Mama, nimeona meza yetu."

"Meza gani?"

"Ya Baba. Iko shuleni, nje ya jiko la uji."

Keji alikwenda. Mwalimu mkuu, Abiriga, mtu wa Arua aliyehamishiwa pale, alimwambia meza ile waliikuta katikati ya magugu. Askari walikuwa wameacha hiyo na maganda ya risasi. Ilikuwa imelala nje miaka saba bila turubai, bila mafuta, bila visahani vya oili. Imekuwa ya kijivu kama mfupa. Juu yake kulikuwa na maduara meusi ya masufuria, matone ya mishumaa, majina ya watu wa mbali yaliyochongwa kwa visu, na kona moja panga lilikuwa limekata mara nyingi, kana kwamba palikuwa mahali pa kuchinjia. Lakini ilisimama imara. Keji aliegemea kona kwa uzito wake. Haikuyumba. Alikuwa ameomba njiani aikute imeoza.

"Tunaweza kuipindua?" aliuliza.

Mwalimu na mpishi waliipindua. Jina lilikuwepo.

"Kama iko yenu, Mama, chukua," Abiriga alisema kwa upole. "Ila naomba mungoje nipate mahali pengine pa kugawia uji."

"Siitaki," Keji alisema, akaenda zake.

Nyumbani Paska aliwaka. "Baba aliibeba kwa kichwa chake! Kitu cha mwisho alichoshika, wewe unawaachia watu?" Hakuwahi kumpandishia mama yake sauti kabla ya siku ile. Ndipo Keji akamweleza: karakana ya Candia, randa iliyokuwa Aroi, mzaha wa meza ya kapteni, nitaipeleka, nitaipeleka. Alisema yote akiwa amesimama, kama mtu mbele ya hakimu.

Paska hakuzungumza naye siku tatu. Siku ya nne, wakichambua kunde, alisema bila kuinua macho, "Baba alikwenda Arua kila wiki na lori. Angeweza kuipeleka mwenyewe."

"Usimtupie baba yako."

"Simtupii. Nasema alikuwa na mikono."

Maneno yale hayakumpunguzia Keji kitu, lakini hakuyasahau, na kabla ya Krismasi walikwenda na mkokoteni kuchukua meza. Abiriga aliwapa watu wa kusukuma.

Keji aliiuguza miezi miwili. Kwanza majivu na mchanga, mpaka vidole vikachubuka. Kisha alikwangua nta kwa kipande cha chupa. Nyufa alizijaza unga wa msumeno uliokandwa na gundi. Majina ya askari yaliyokuwa juujuu aliyatoa. Yaliyoingia ndani yalibaki, na walaji waliweka sahani juu yake. Na siku moja aliazima randa, akaipindua meza peke yake kwa mti wa kunyanyulia, akapiga. Jina lilikuwa limezama sana. Aliparuza hadi ubao wa katikati ukawa mwembamba kuliko wenzake, hadi pasibaki hata kivuli. Alipomaliza alikaa juu ya maranda akalia kwa mara ya kwanza tangu Zaire, si kwa sababu ya kufarijika. Kazi nzima ilikuwa imechukua muda mfupi kuliko kuchemsha kunde.

Madereva walirudi taratibu. Miaka ikapita. Paska aliolewa Arua, akazaa. Keji alizeeka upande wa magoti, akaendelea kupika.

Mwaka 1994, mwezi wa pili, jua likiwa kali na vumbi la barabara likitua juu ya kila kitu, Kamisi aliingia uwanjani mchana, walaji wakiwa wameshaondoka. Alikuwa amekonda, kikohozi kimemshika tangu mvua zilizopita. Alivuta benchi, akakaa kwenye meza. Ilikuwa haijawahi kutokea. Aliweka viganja vyake viwili juu ya mbao, akaviangalia.

"Mama Paska, nina neno. Nimelibeba, limenishinda."

Keji aliacha mwiko. "Sema."

"Siku ile pale shule, walitutenga. Wale wageni wawili waliwaachilia. Mkubwa wao akaniita mimi. Akauliza, unamjua huyu? Nikasema ni jirani. Akauliza, iko kapteni, ama hapana?" Kamisi alikohoa, akangoja kipite. "Nikasema sijui."

Keji aliondoa sufuria motoni.

"Mimi ambaye nilikula kwenye harusi yenu. Nilijua alikataliwa jeshini, nilikuwepo siku waliyomcheka. Ningesema siyo, wangeniuliza nami ninajuaje makapteni. Niliogopa. Nikasema sijui. Yakani alikuwa hapo, kama hapa na hilo jiko. Alisikia."

"Alisema nini?"

"Hakusema. Aliniangalia tu."

"Halafu?"

"Walimpeleka chini kwenye kijito. Risasi moja. Wakanipa koleo, nikachimba mimi. Nilimlaza vizuri, Mama Paska. Nilimfunika uso kwa shati langu. Wakaniambia nikimbie."

Kuku alipita chini ya meza. Keji alikaa kwenye benchi la upande wa pili, taratibu, kwa sababu ya magoti. Alitaka kumchukia mtu huyu na akajitafutia chuki ndani, lakini kila alipoikaribia alikutana na kisu cha jikoni na Jumapili zake. Wala hakumwambia kuwa amemsamehe. Hakuwa na uhakika, na hakutaka kusema uongo juu ya jambo hilo.

"Unapajua bado?" aliuliza.

"Najua."

"Kesho asubuhi utanipeleka."

Walikwenda wawili, Kamisi akipumzika kila baada ya hatua chache, Keji na fimbo yake. Nyuma ya shule, chini kabisa karibu na kijito, mahali Kamisi alipokumbuka majani marefu na jiwe, palikuwa na shamba la muhogo, matuta yamepangwa safi. Jiwe halikuwepo. Alizunguka, akasimama kwenye tuta moja, akahamia jingine, akarudi. Mwishowe alisema, "Ni hapa, ama pale. Kati ya hapa na pale."

Mwanamke aliyekuwa akipalilia aliwajia na jembe begani. Aliitwa Margarita, mjane naye, aliyepewa kipande kile baada ya kurudi kutoka Sudan. Keji alimweleza kwa maneno machache.

Margarita aliangalia matuta yake. "Nimelima hapa misimu mitano, dada. Hatukuona kitu. Wallahi, tungeona tungesema." Kisha akaongeza, kwa sauti ya chini, "Na sina shamba lingine."

Keji alielewa alichokuwa anaombwa. Aliinama, akagusa udongo. Ulikuwa mkavu, wa kawaida, umechanganyika na mizizi. Alisali Baba Yetu, Kamisi akisimama kando na mikono wazi akisoma ya dini yake, Margarita akishika jembe. Hapakuwa na la zaidi la kufanya.

"Lima, dada," Keji alisema.

Kamisi alifariki kabla ya mvua za mwezi wa nne. Keji alipikia matanga yake siku zote tatu, na watu waliokuja kuzika walikula kwenye meza ya uwanja wake kwa zamu, wanane wanane.